Kutoka Kilimani hadi Uani: Kiswahili katika Uinjilisti na Malezi ya Kikristo ya Wapangaji wa Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uinjilisti na malezi ya Kikristo miongoni mwa wakazi wa mitaa ya ndani ya Bujumbura, hususan wapangaji wanaoishi katika nyua za pamoja za Bwiza, Buyenzi, Nyakabiga na mitaa jirani. Inajengwa hoja kwamba misheni za Burundi ziliundwa kwa ajili ya kilima: lugha yake ilikuwa Kirundi, na utaratibu wake wa mafunzo ulimhitaji mtu anayekaa mahali pamoja kwa miaka mingi. Mji na lugha yake, Kiswahili, viliachwa kwa kuwa vilihusishwa na Uislamu. Baada ya mwaka 1987, na zaidi baada ya vita vilivyoanza mwaka 1993, Kiswahili kiliingia kanisani kwa njia ya nyimbo, wakimbizi na wahubiri wageni. Hata hivyo, kimeendelea kuwa lugha ya kuwaita watu kuliko lugha ya kuwalea. Makala yanaonyesha chanzo cha pengo hilo, athari zake, na mambo ambayo watunga sera na viongozi wa makanisa wanaweza kuyafanya.

Maneno makuu: Bujumbura, Kiswahili, wapangaji, uinjilisti, malezi ya Kikristo, Buyenzi

1. Utangulizi

Sensa ya mwaka 2008 iliwahesabu wakazi wa jiji la Bujumbura kuwa 497,166. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba katika nchi nzima Wakatoliki walikuwa takriban asilimia 62, Waprotestanti asilimia 21 na ushei, na Waislamu asilimia 2.5. Kwa takwimu hizo Burundi ni nchi ya Kikristo, na suala la uinjilisti mjini linaweza kuonekana kuwa limekwisha. Hata hivyo, takwimu za dini hazielezi yanayompata mtu aliyebatizwa kilimani kwao Ngozi au Bururi anapohamia chumba kimoja cha kupanga Nyakabiga. Haziseni anafundishwa na nani, kwa lugha gani, na ni nani atakayeuliza habari zake asipoonekana kanisani.

Makazi yanayozungumziwa hapa yana umbo lake mahususi. Kiwanja kimoja cha Bwiza au Buyenzi aghalabu huwa na nyumba mbele na safu ya vyumba vya kupangisha nyuma, vyote vikiutazama ua mmoja. Uani ndipo watu wanapopika, wanapofua, wanaposuluhishwa na wanapofiwa. Katika ua mmoja anaweza kuishi Mrundi aliyetoka mikoani, mfanyabiashara Mkongomani kutoka Uvira, familia iliyorejea kutoka kambi za Tanzania, na mwenye nyumba Mwislamu ambaye babu yake alizaliwa Ujiji. Katika Rohero na Kinindo nyumba za ghorofa zenye mlinzi mlangoni zimeongezeka, na huko majirani hujuana kwa shida. Sehemu kubwa ya wapangaji wa kipato cha chini, hata hivyo, bado ni watu wa uani.

Makala yanatofautisha dhana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni mwito, yaani tendo la kumtangazia mtu imani na kumwalika. Ya pili ni malezi, yaani kazi ndefu ya kumfanya aliyeitikia kuwa mfuasi anayejua anachokiamini na anayekiishi mbele ya majirani. Historia ya Bujumbura inaonyesha kwamba dhana hizi mbili zilipewa lugha tofauti, na kwamba mgawanyo huo ulianza kabla mji wenyewe haujawa mji.

2. Misheni iliyojengwa kilimani

Jaribio la kwanza la Wakatoliki lilifanyika ufukweni. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifika Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa njia ya misafara iliyotoka pwani na kupitia Tabora na Ujiji. Tarehe 4 Mei 1881 watatu miongoni mwao waliuawa, na kituo kikaachwa. Misheni zilizodumu zilianzia mbali na ziwa: Muyaga mwaka 1898 upande wa mashariki, na Mugera mwaka 1899 katikati ya nchi. Hata misheni ya Buhonga, iliyofuata mwanzoni mwa karne ya 20, ilijengwa juu ya vilima vinavyoutazama mji badala ya mjini kwenyewe.

Waprotestanti waliofika wakati wa utawala wa Ubelgiji walifuata mkondo huohuo. Wabaptisti wa Denmark walianza kazi mwaka 1928, na Musema ikawa miongoni mwa vituo vyao vya mwanzo. Marafiki, wanaojulikana pia kama Wakweka, walianza Kibimba mwaka 1934. Wamethodisti Huru walianza Muyebe mwaka 1935. Wapentekoste wa Sweden walianza Kiremba mwaka huohuo. Waanglikana walikaa Buhiga na Matana. Ramani ya vituo hivyo ni ramani ya vilima. Warundi wengi mno waliishi huko, na machifu waliokuwa na uwezo wa kutoa ardhi walikuwa huko pia.

Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki, nao ulizaa utaratibu wa malezi uliofaa mahali pake. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kupita miaka minne ya mafunzo. Utaratibu wa namna hiyo unadai mambo matatu: mwanafunzi asiyehama, katekista anayeijua nyumba yake, na jamii inayoweza kushuhudia kama mwenendo wake umebadilika. Kilimani mambo hayo yote yalikuwapo. Hata wimbi la ubatizo la miaka ya 1930, lililowaleta machifu na watu wao kwa maelfu, lilipita katika mfumo huo wa katekista na kilima chake.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Burundi, ulileta namna nyingine ya malezi. Waliookoka walikutana katika makundi madogo, wakaungama wazi, wakashuhudia na kuonyana. Wimbo wao uliojulikana zaidi, Tukutendereza, uliimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiokijua Kiganda. Tukio hilo lina uzito kwa mwanaisimu. Linaonyesha kwamba lugha ya kigeni inaweza kuwa alama ya udugu pale jamii inapoipa kazi hiyo. Wakati huohuo lilionyesha kwamba malezi ya karibu hayahitaji jengo, bali yanahitaji watu wachache wanaojuana. Makundi hayo yalikuwa na umbo ambalo lingeweza kukaa vizuri uani. Hata hivyo, chimbuko lake lilikuwa katika misheni za vilimani, na viongozi wake walilelewa huko.

3. Mji ulioachwa kwa Waswahili

Usumbura, kama mji ulivyoitwa hadi uhuru wa mwaka 1962, ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Waliokizunguka kituo hicho walikuwa askari, wachukuzi, Wamanyema, wafanyabiashara Waarabu na Wahindi, na wanawake waliojitafutia maisha nje ya vilima vyao. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na dini ya wengi wao ilikuwa Uislamu. Utawala wa Kijerumani nao ulitumia Kiswahili katika shughuli zake za chini kama ulivyofanya kotekote katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1912 makao ya utawala huo yalihamishiwa Gitega, lakini Usumbura ulibaki bandari na soko.

Kwa wamisionari wengi wa wakati huo, Kiswahili kilikuwa mlango wa Uislamu. Anayejifunza Kiswahili angekutana na mwalimu wa Kurani kabla hajakutana na katekista. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, elimu iliyoachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa misheni ilijengwa juu ya Kirundi na Kifaransa. Wakazi Waislamu wa mjini, ambao kwao shule ya misheni ilikuwa na bei ya dini, walibaki pembeni.

Kati ya vita viwili vikuu vya dunia Wabelgiji waliwahamisha Waswahili kutoka karibu na ufukwe na kuwapa eneo lililokuja kuwa Buyenzi. Kando yake ulikua mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Mitaa hiyo miwili iliwekwa nje ya mamlaka ya machifu wa kimila. Mwaka 1952 iliundwa ofisi ya makazi ya Waafrika iliyojulikana kwa kifupi kama OCAF, nayo ikajenga Ngagara. Kwa muda mrefu wakazi waliuita mtaa huo kwa jina la ofisi hiyo. Kwa hiyo mji ulipata wapangaji na wakazi wa nyumba za mpango kabla makanisa hayajapata utaratibu wa kuwalea watu wa namna hiyo.

Katika Kirundi, neno la kumtaja Mswahili lilipata maana zaidi ya lugha. Lilimtaja Mwislamu, mtu wa mji, mtu asiye na kilima, na wakati mwingine mtu mjanja asiyeaminika. Kwa upande mwingine, lilimpa mwenye jina hilo nafasi ambayo haikuhesabiwa kwa urahisi katika mgawanyo wa Wahutu na Watutsi. Si ajabu kwamba Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, alipata uungaji mkono mkubwa miongoni mwa Waswahili wa Buyenzi alipoongoza harakati za uhuru zilizovuka mipaka ya kikabila.

4. Maneno yaliyovuka mpaka

Kuna kinaya katika historia ya lugha ya Ukristo wa Burundi. Misheni zilikikwepa Kiswahili, lakini hazikuweza kukwepa maneno yake. Kirundi cha kanisani kinaita msalaba *umusaraba*, malaika *umumarayika*, na dini *idini*. Ibilisi huitwa pia *Shetani*. Kitabu ni *igitabo*, na shule, ambayo Kiswahili chenyewe kiliitoa katika Kijerumani, ni *ishule*. Mrundi anayekiri imani yake kwa Kirundi safi hutumia maneno yaliyopita katika Kiswahili, na baadhi yake yalikwisha kupita katika Kiarabu kabla ya hapo. Maneno hayo yalifika pamoja na misafara, askari na makatekista, wakati mwingine kwa njia ileile na kwa miaka ileile.

Jambo hilo lina maana ya kivitendo mjini. Katika Buyenzi, Mkristo na Mwislamu wanapozungumza Kiswahili wanashiriki sehemu kubwa ya msamiati wa imani: Mungu, malaika, shetani, dini, sala, dhambi, toba. Msamiati huo wa pamoja unaweza kuwa daraja, na unaweza pia kuwa chanzo cha kutoelewana pale mhubiri anapodhani kwamba jirani yake anasikia katika neno moja kile anachokisikia yeye.

Suala la Biblia linaongeza uzito. Biblia ya Kiswahili ya tafsiri ya Muungano ilichapishwa kamili mwaka 1952. Biblia nzima ya Kirundi ilikamilika mwaka 1967, baada ya Agano Jipya la mwaka 1951. Kwa miaka 15 hivi, basi, mkazi wa Belge au Buyenzi aliyejua kusoma Kiswahili angeweza kushika mkononi Maandiko yote kwa lugha ya mtaa wake, wakati Mkristo wa kilimani bado alisubiri yake. Chombo cha malezi kwa lugha ya mji kilikuwapo mapema. Kilichokosekana ni uamuzi wa kukitumia.

5. Kufungwa na kufunguliwa, 1976 hadi 1993

Dayosisi ya Kikatoliki ya Usumbura iliundwa mwaka 1959 chini ya Askofu Michel Ntuyahaga, na parokia za mjini ziliongezeka baada ya uhuru. Katika miaka ya 1960 Waprotestanti walianzisha redio ya CORDAC mjini Bujumbura. Redio ilikuwa njia ya mwito inayomfaa mpangaji: iliingia uani bila kubisha hodi, na haikuuliza anayesikiliza ni wa kilima gani. Katika miaka ya 1970 serikali iliifunga.

Kufungwa kwa redio hiyo kulikuwa sehemu ya mvutano mpana. Chini ya utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, kuanzia mwaka 1976 hadi 1987, wamisionari wengi walifukuzwa, misa za siku za kazi zilizuiwa, na seminari ndogo zilitwaliwa na serikali. Makundi ya waumini yaliyoitwa *inama sahwanya*, yaliyokuwa mfano wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, yalipigwa marufuku. Serikali ilitambua jambo ambalo wapangaji wa ibada hawakulipa uzito uleule: kikundi kidogo cha majirani wanaosoma na kushauriana pamoja kina nguvu ya kuwaunda watu kuliko mkutano mkubwa. Tarehe 3 Septemba 1987 Bagaza aliondolewa madarakani, na Pierre Buyoya akarejesha uhuru wa kuabudu.

Yaliyofuata ni kupanuka kwa mwito. Makanisa mapya yalijitokeza mitaani, hasa ya Kipentekoste, na mikutano ya hadhara ikarejea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamisionari Waksaveri walifungua Kituo cha Vijana cha Kamenge, wakakusudia kuwakutanisha vijana wa mitaa ya kaskazini bila kujali kabila wala dini. Kituo hicho kilikuwa miongoni mwa majaribio ya wazi ya kufikiri juu ya malezi kwa kuanzia mtaani. Hata hivyo muda uliobaki ulikuwa mfupi.

6. Vita vyaingia uani

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na Burundi ikaingia katika vita vya zaidi ya miaka kumi. Bujumbura iligawanywa mtaa kwa mtaa. Kamenge, uliokuwa mtaa wa Wahutu wengi, ulihamwa mwaka 1995 chini ya mashambulizi ya jeshi; Nyakabiga na Musaga ikawa mitaa ya Watutsi. Mwezi Machi 1995 Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa imechanganyika zaidi, ilishambuliwa, na Wahutu na Wazaire wengi waliuawa au kufukuzwa katika vyumba walivyopanga.

Kwa historia ya malezi ya Kikristo, tukio hilo haliwezi kupitwa kwa haraka. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliobatizwa. Walisali kwa lugha moja, Kirundi, na waliimba nyimbo zilezile. Lugha ya pamoja haikuwafanya majirani. Kwa hiyo haifai kudai kwamba Kiswahili, kwa kuwa si lugha ya kabila, kingezuia damu. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mwito ulikuwa umewafikia karibu wote, ilhali malezi hayakuwa yamefika pale ambapo mtu huamua kumficha jirani yake au kumtoa.

Buyenzi inatoa upande wa pili wa ushahidi. Mtaa huo uliumizwa, lakini haukugeuka kuwa mtaa wa kabila moja. Waislamu wake wengi wanakumbukwa kwa kuwahifadhi majirani wa makabila yote mawili. Kule ambako misheni za kwanza ziliogopa kupeleka watu wao, ndiko ambako ujirani ulistahimili zaidi. Maelezo yake si ya kidini peke yake. Wakazi wa Buyenzi walikuwa wameishi vizazi kadhaa wakijiita Waswahili, kwa lugha moja ya mtaa, katika nyua ambamo watoto walilelewa na wote. Utambulisho huo ulijengwa kwa mazoea ya kila siku, na ndio uliopimwa siku ya hatari.

7. Kiswahili chaingia kanisani

Wakati mji ukigawanyika, njia za Kiswahili kuingia kanisani zilikuwa zikifunguka. Njia ya kwanza ilitoka ng'ambo ya Ruzizi. Wapentekoste wa Sweden walikuwa wameanza kazi katika eneo la Uvira mwaka 1921, miaka 14 kabla ya Kiremba, na makanisa yaliyozaliwa Kivu Kusini yalizoea kuhubiri na kuimba kwa Kiswahili. Uvira iko karibu sana na Bujumbura, na wafanyabiashara walivuka mpaka wa Gatumba kila siku. Vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996 viliwageuza wengi wao kuwa wakimbizi. Mauaji ya Gatumba ya tarehe 13 Agosti 2004, yaliyoangamiza wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, yaliwafanya walionusurika kutafuta usalama kwingine, wakiwamo waliohamia vyumba vya kupanga mjini. Walifika wakiwa na wachungaji wao, kwaya zao na Kiswahili chao.

Njia ya pili ilitoka Tanzania. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliishi kwa miongo katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao walisoma shule za Kiswahili. Waliokimbia baada ya mwaka 1993 walikaa katika kambi za Kigoma na Kagera. Waliporejea, hasa kuanzia mwaka 2002, kulikuwa na kijana aliyejua kuomba kwa Kiswahili kwa ufasaha kuliko kwa Kirundi. Kilimani aliitwa mgeni, ilhali mjini alipata wenzake.

Njia ya tatu ilikuwa muziki. Nyimbo za injili za Tanzania, za mwimbaji kama Rose Muhando, zilisikika katika daladala, saluni na nyua za eneo zima. Kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali, iliyotoka katika nchi ya Kinyarwanda, ilijulikana nje ya mipaka yake kwa nyimbo za Kiswahili. Kwaya za Bujumbura zilielewa somo hilo: wimbo wa Kirundi unasikika Burundi, wa Kiswahili unavuka ziwa.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na katika kipindi hichohicho Kiswahili kiliingizwa katika masomo ya shule za msingi. Rais Pierre Nkurunziza, aliyeongoza kuanzia mwaka 2005 hadi kifo chake tarehe 8 Juni 2020, aliuweka wokovu wa kiinjili hadharani kwa mikutano ya maombi na kwaya yake ya Komeza Gusenga. Kwa hiyo ndani ya kizazi kimoja Kiswahili kiliacha kuwa lugha iliyotiliwa shaka na kanisa, na kanisa la kiinjili likaacha kuwa la pembeni.

8. Lugha ya mwito na lugha ya malezi

Mtu akichunguza kazi ambazo lugha hufanya katika makanisa ya mitaa ya ndani, mgawanyo unajitokeza. Kiswahili husikika katika kwaya, katika mahubiri ya hadhara, katika maombi ya mikesha, na kinywani mwa mhubiri mgeni anayesimama na mkalimani ubavuni. Kirundi na Kifaransa hutawala darasa la ubatizo, mafundisho ya ndoa, kikao cha wazee, barua ya kumpokea mshirika aliyehama, na mafunzo ya wachungaji. Mpangaji anaitwa kwa lugha moja na kufundishwa kwa nyingine. Kwa Mrundi aliyekulia kilimani tatizo ni dogo. Kwa Mkongomani, kwa aliyerejea kutoka Tanzania, na kwa kijana wa Buyenzi ambaye Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, tofauti hiyo humweka katika kiti cha msikilizaji wa kudumu. Anaimba lakini hashauri.

Pengo hilo lina sababu mbili zaidi ya historia. Ya kwanza ni vitabu. Vitabu vingi vya mafunzo ya waumini wapya hutoka Ulaya na Marekani kwa Kifaransa, au hutoka Tanzania na Kenya kwa Kiswahili sanifu. Kiswahili cha Bujumbura kina sura yake: kimeokota maneno ya Kirundi, ya Kifaransa na ya Kongo, na mkazi wa mtaa huuita mtaa wake *karitiye* bila kujiuliza neno limetoka wapi. Kitabu sanifu kinaeleweka, lakini kinasikika kama sauti ya mgeni. Sababu ya pili ni kuhama. Mpangaji huhama kodi inapopanda, biashara inapoanguka au siasa inapochafuka. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walitawanyika katika masoko mengine. Ghasia za mwaka 2015 zilitikisa Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na Ngagara, na maelfu wakavuka tena kwenda Tanzania. Mfumo wa miaka minne uliobuniwa kwa mtu asiyehama haumfai mtu wa namna hiyo, na mkutano wa siku tatu uwanjani hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kiswahili chenyewe kina neno linaloelekeza kwenye suluhisho. Tafsiri ya Muungano inamwita mfuasi wa Yesu *mwanafunzi*. Masikio ya leo husikia humo mtoto wa shule. Katika matumizi yaliyo hai bado kwenye gereji na karakana za Buyenzi, hata hivyo, mwanafunzi ni pia yule anayekaa na fundi. Hajifunzi kwa kusomewa tu. Anashika spana, anakosea, anarekebishwa mbele ya wenzake, na siku moja anaachiwa injini peke yake. Kirundi kina *umwigishwa*, yaani anayefundishwa. Neno hilo linasisitiza tendo la mwalimu. Kiswahili cha karakana kinaongeza uzoefu wa pamoja. Makundi ya uamsho wa miaka ya 1930 na *inama sahwanya* yalifanya kazi kwa mantiki hiyohiyo, ingawa hayakuitwa kwa neno hilo. Ua wa wapangaji, ambako watu huonana asubuhi na jioni, ni mahali pa kufaa kwa mafunzo ya namna hiyo kuliko ukumbi wa kukodi.

9. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaleta mapendekezo manne. Kwanza, vyuo vinavyowaandaa viongozi wa dini mjini vifundishe Kiswahili kama lugha ya kufundishia imani na kusuluhisha migogoro, si kama lugha ya kwaya tu. Chuo Kikuu cha Hope Africa cha Wamethodisti Huru, kilichohamia Bujumbura kutoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Chuo Kikuu cha Burundi vina nafasi ya kuanza.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyama vya Kiswahili vihesabu makanisa na misikiti ya Bujumbura kuwa sehemu ambako watu wazima hujifunza lugha. Tafiti za lugha nchini Burundi zikiishia shuleni zitaacha nje sehemu kubwa ya wazungumzaji.

Tatu, wanaotekeleza sheria ya madhehebu ya dini, iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2014 na kuweka masharti ya usajili, watofautishe dhehebu jipya na kikundi cha majirani kinachokutana uani. Enzi ya Bagaza ilionyesha gharama ya kuvichukulia vikundi vya namna hiyo kuwa tishio.

Nne, msamiati wa imani unaotumiwa na Wakristo na Waislamu ujadiliwe na wote wawili. Katika mtaa kama Buyenzi, mhubiri anayejua jirani yake anasikia nini katika maneno dini, toba na msalaba atahubiri bila kuficha imani yake na bila kuudhi pasipo sababu.

Misheni za kwanza ziliukwepa mji kwa kuogopa lugha yake. Makanisa ya leo yamekwisha kuipokea lugha hiyo katika nyimbo, na wapangaji wameitikia. Kazi iliyobaki ni ya polepole, na haina jukwaa wala vipaza sauti: kumfundisha kwa Kiswahili yule aliyeitwa kwa Kiswahili, katika ua anaoishi, pamoja na watu atakaowahitaji na watakaomhitaji mji utakapotikisika tena.